Kengele Iliyomwahi Jebiwott

Wasikilizaji wapendwa, chamgei. Punguzeni moto chini ya sufuria, msogee. Leo tunamkumbuka Salina Jebiwott wa Kaptarakwa. Tumemzika juzi.

Jebiwott alikimbia mita elfu kumi kwenye mashindano ya dunia, huko ng'ambo. Alikuwa anaongoza. Naam, anaongoza, na wa pili yuko mbali. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Akafyatuka, akamaliza nguvu zote, akavuka mstari, akaanguka kifudifudi akimshukuru Mungu.

Kumbe kengele imepigwa mapema. Mzunguko mmoja ulikuwa bado.

Wenzake nao waliisikia, lakini makocha wao walikuwa pale uzioni wanapiga kelele: endeleeni! Kocha wa Jebiwott, Mwalimu Kimosop, hakuwepo. Kiti chake kwenye ndege alipewa shemeji wa mkubwa mmoja wa timu. Siku ya mbio, shemeji yuko madukani anajaribu suti.

Mwalimu alikuwa hapa nyumbani, sikio kwenye redio. "Inuka, mama! Bado!" Mkewe akamwambia, "Wewe mzee, utapasua koo bure. Yeye yuko ng'ambo."

Jebiwott aliinuka amechelewa. Akawa wa saba. Wakubwa wakasema mkimbiaji hujihesabia mizunguko mwenyewe. Hawakumwita tena.

Akauza viazi sokoni. Na watu hawana haya, wapendwa. "Jebiwott, debe langu limetimia kweli? Wewe na hesabu tunawajua!" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Binti yake Jerop anasema, "Mama hakutaka medali. Alitaka mtu mmoja aje amwambie, kosa lilikuwa letu." Alingoja hilo mpaka nywele zikawa nyeupe. Hilo tu.

Juzi mkubwa yule alikuja mazishini na shada la maua, akashika kipaza sauti. "Tumempoteza shujaa..."

Jerop akasimama. "Baba, shujaa tunamjua. Wewe tuambie kocha wake alikuwa wapi."

Mkubwa akatazama saa. Akasema ana mazishi mengine Kapsowar. Gari lake likaondoka kabla kaburi halijafukiwa.

Jerop, Mwalimu Kimosop na ukoo mzima, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu mliyemkosea na angali hai, nendeni kwake leo. Jebiwott mmeshamchelewa.