Sentensi ya Mama

Basi lilipoondoka hospitalini, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alimgeukia muuguzi wa pembeni yake, na bila hata salamu akamwuliza, "Dada, wazee wanaofanya mazoezi ya maneno huwa wanasema kweli?"

Muuguzi akacheka. "Yale ni ya kunoa kumbukumbu, si kiapo. Kwani vipi?"

"Leo mwalimu wao kampa mama neno 'pacha', atunge sentensi. Mama wala hakusita: 'Pacha wa huyu binti yangu nilimpa mdogo wangu, maana hakujaliwa mtoto.'"

Muuguzi akashika mdomo. Mimi nikaacha kujifanya nasoma gazeti.

"Salale! Labda kachanganya, mwenzangu. Uzee huo."

"Mama yangu? Jirani yake alikosea methali palepale, akamsahihisha! Halafu mtoto wa mama mdogo tumefanana kama shilingi kwa ya pili. Watu wakisema, tunacheka tu. Maisha yote tunacheka."

"Basi liache. Mama mdogo yu hai?"

"Tulimzika."

"Ndiyo maana nasema liache. Siri ya marehemu unaifukua ya nini?"

"Niache vipi? Hiyo si siri, dada, ni pacha wangu!"

Simu yake ikaita. Aliitazama. "Ni yeye. Atataka kujua mama anaendeleaje."

Muuguzi, mwingi wa ushauri, akaanza kutafuta nauli mkobani.

Basi likasimama. Fundi akashuka, na kupitia dirishani nikamwona ameiweka simu sikioni, mdomo wazi, neno halitoki.