Pumzi Ndefu ya Bernadetha

Ijumaa tarehe 29 Mei, baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bernadetha Massawe anastaafu kutoka chumba cha uchapaji cha kiwanda chetu hapa Saint Louis Park. Keki imeshaagizwa. Wa kushika nafasi yake bado hajateuliwa, na hilo nitalirudia.

Aliingia akiwa mfungashaji wa maboksi. Leo vihisi vyetu vyote, vile vya mpira mwembamba vinavyobandikwa kifuani na kuvutika pamoja na ngozi ili kusoma pumzi na mapigo ya moyo, vinapita mikononi mwake. Wino wa kuvichapia una madini ya fedha; hewa ya Januari ikikauka, unapasuka hata hujakohoa. Alipokabidhiwa mashine tulikuwa tunatupa vihisi thelathini na kimoja katika kila mia. Sasa ni vinne. Anayevipima ni mimi, kwa hiyo asije mtu kunibishia.

Kisa cha kanisa la Maplewood mnakijua, ila mnakisimulia vibaya. Jumapili moja ya baridi kali alikwenda kanisani na kihisi cha majaribio kifuani, akasahau kukizima. Ian, mhandisi wetu, alikuwa nyumbani akifuatilia kwenye simu. Akaona pumzi haiingii. Sekunde kumi, kumi na tano, kumi na tisa. Akawasha gari mbio, akaingia kanisani na mabuti yamejaa theluji, na kumkuta mgonjwa wake safu ya mbele ya kwaya, mzima kabisa, akivuta sauti ya mwisho wa wimbo. Bernadetha alimwambia aache kuhema hovyo, apande upande wa besi, wamepungukiwa. Ian anaimba besi hadi leo, vibaya.

Tangu hapo hakuna muundo mpya unaotoka bila kuvaliwa na kwaya mazoezini. Mashine yetu ya majaribio huvuta upande mmoja tu. Vigelegele na kucheza huvuta pande zote. Wanakwaya hao hawajatajwa kwenye ripoti hata moja. Nawataja hapa: asanteni.

Sasa ile nafasi. Miaka miwili amemfundisha Joan Kemunto wa ufungashaji. Joan anaharibu vitano katika mia. Nionyesheni mwingine. Kila nikiuliza, naambiwa suala linajadiliwa. Jumatatu tunaanza oda ya vihisi vya watoto njiti, na mashine haijadiliwi, inaendeshwa.

Bernadetha hakugombana na mtu. Uongozi ulipoomba kwaya iendelee kutujaribia, alikubali kwa sharti moja: watavaa kilichochapwa na Joan, la sivyo watavaa majoho tu. Jana alivua aproni, akamfunga Joan kiunoni mbele ya meneja, akamwambia asiivue hata akiitwa ofisini.

Dada Bernadetha, asante kwa mikono yako na ukali wako. Tunakuombea magoti yasiyouma, asubuhi zisizo na haraka na pumzi ndefu. Jumapili vaa kihisi cha Joan. Sekunde kumi na tisa zikipita, safari hii hakuna atakayewasha gari.