Fanueli Nzunda, Fundi wa Ndege Inayosimama Mpemba (1953–2025)

Waombolezaji wapendwa, majirani wa Hasamba, na ninyi mliotoka Tunduma na Ileje kuja kutushika mkono: aliyelala mbele yetu ni Mzee Fanueli Nzunda. Wengi wenu mlimwita Fundi. Wapo pia waliomjua kwa maneno ya kibao kilichosimikwa mbele ya ndege ya kijeshi kule Mpemba. Hao ndio tunaowaomba wasikilize vizuri zaidi leo.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 hapa hapa Hasamba, wilaya ya Mbozi, mtoto wa tatu wa Mzee Nikodemo Nzunda na Mama Rozi, wakulima wa kahawa na mahindi. Mama yake alisimulia hadi uzeeni jinsi kijana huyu alivyoifungua mashine ya kumenya kahawa ya baba yake, akavipanga vipande juu ya mkeka wa wageni, kisha akaifunga yote kabla baba hajarudi kutoka kanisani. Mashine ilimenya vizuri kuliko jana yake. Alichapwa hata hivyo, kwa sababu ya mkeka.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari Mbeya, akamaliza kidato cha nne mwaka 1972. Mwaka uliofuata alijiunga na jeshi, na baada ya mafunzo ya awali alipelekwa ng'ambo kusomea ufundi wa ndege. Aliporudi mwaka 1976 alikabidhiwa ndege moja ya mizigo. Maneno yetu ya leo yanaihusu hiyo, kwa hiyo tuiseme historia yake kama ilivyokuwa, maana imesemwa vibaya vya kutosha.

Ilikuja nchini ikiwa mpya mwaka 1972. Ilibeba askari, sukari, chanjo za watoto, na wakati mmoja ng'ombe dume wa mbegu aliyewasumbua njia nzima. Mwili wake ulipata viraka vingi hata mafundi wakaiita Kanga. Kikosini kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: fundi aliyeifunga ndege baada ya matengenezo ndiye anayepanda nayo inaporuka. Ukilegeza kitu, umejilegezea mwenyewe. Mzee aliibeba desturi hiyo mpaka nyumbani. Akitengeneza baiskeli ya jirani, aliipanda yeye kwanza. Kanisa letu lilipoezekwa upya, mvua ya kwanza ilipotanda aliwafuata mafundi bati majumbani, akawaketisha mbele karibu na madhabahu, akawaambia, "Kaeni hapa mpaka ikatike." Walitoka wamelowa, na kesho yake walirudi na lami bila kuitwa na mtu.

Vita vya Kagera vilipoanza, Kanga ilipeleka unga na kurudi na majeruhi. Mwaka 1979, siku ya mvua, ilitua kwenye uwanja wa udongo kufuata majeruhi wengine, na ndani alikuwamo Fanueli, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ametoka kuzifunga breki za ndege hiyo. Gurudumu la kulia likazama kwenye shimo la bomu lililojaa maji, mguu wa gurudumu ukakatika, na ndege ikalala ubavu. Hakufa mtu. Fanueli alivunjika nyonga, na ule mwendo wake wa kuchechemea mliouzoea ulianza pale. Jeshi lilichunguza likakuta shimo, wala si kosa la fundi. Likamrudishia ndege yake ile ile aiunde upya. Akaiunda, akapanda nayo, na Kanga iliruka miaka kumi na miwili mingine mpaka ilipostaafishwa mwaka 1991. Mtu mzembe hapewi ndege mara ya pili.

Tarehe 25 Julai 1981 alifunga ndoa takatifu na Ruti, binti wa wakulima wa Ileje. Ruti anasema siku ya kwanza kuonana alimdhania mtu wa maringo, kwa jinsi alivyotembea akiyumba. Alipoelezwa kuhusu ile nyonga aliona aibu, na aibu hiyo ndiyo ikazaa mazungumzo. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mwaka 1994 Mzee alistaafu jeshi kwa heshima, akarudi Hasamba kulima kahawa.

Mwaka 2016 mfanyabiashara mmoja alifungua bustani ya makumbusho pale Mpemba, kando ya barabara kuu, akanunua Kanga ikiwa gofu. Ililetwa juu ya lori, mabawa yamefungwa pembeni. Mzee aliisubiri barabarani Chapwa tangu asubuhi, na ilipopita alivua kofia. Jioni alimwambia mkewe, "Mama Sadoki, Kanga amenifuata nyumbani." Alilia, na hakuficha.

Siku ya ufunguzi alikwenda amevaa suti yake ya harusi. Akakuta kibao: "Ndege hii ilianguka vitani mwaka 1979 kwa uzembe wa fundi." Basi. Hakuna chanjo, hakuna majeruhi, hakuna ile miaka kumi na miwili. Kazi yote ya ndege na ya watu wake ilibanwa katika neno uzembe, kisha likapakwa rangi nyekundu.

Familia inasema wazi kwamba jambo hili limetuudhi na bado linatuudhi. Mzee hakuomba sanamu wala sherehe. Aliomba neno moja lifutwe. Alimwendea mwenye bustani kwa adabu, akamweleza. Akajibiwa, "Tutarekebisha Mzee, tukipaka rangi." Ndege ilipakwa rangi kila kiangazi, maharusi wakapiga picha chini ya bawa, soda zikauzwa, na kibao kikabaki vile vile. Alipozidi kufuatilia, kijana anayetembeza wageni, Ezron, alimwambia kwa kucheka, "Babu, ukweli hauna mvuto. Wageni wanapenda hadithi yenye kosa." Asiyejua uchungu wa mwana aulize mzazi, na asiyejua uchungu wa jina angemtazama Mzee akishuka kutoka Mpemba siku ile.

Kisha ikaja ziara ya shule mwaka 2022. Mjukuu wake Angel, aliyekuwa darasa la nne, alipelekwa na wenzake kuiona ndege. Ezron aliwasimulia watoto, kwa sauti ya kuchekesha, habari za fundi aliyesahau kufunga boliti. Boliti! Hata kwenye kibao haimo, aliitunga mwenyewe. Watoto walicheka, na wale wa Hasamba wakamgeukia Angel. Alirudi nyumbani hakula. Mwishowe akamsogelea babu yake kitandani, akauliza, "Babu, eti ni wewe uliyesahau?"

Mzee alimjibu, "Hapana, mjukuu wangu. Nilikuwa ndani yake." Mtoto aliamini. Lakini kuanzia siku ile Mzee aliacha kwenda kukaa na wenzake kituo cha kahawa, na kanisani akahamia benchi la nyuma. Mtu aliyekwenda vitani akarudi, alifanywa aone haya mbele ya watoto wa darasa la nne. Aliyefanya hivyo hajawahi kubeba majeruhi hata mmoja.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na wanakwaya waliomjia nyumbani bila kuchoka. Aprili mwaka huu aliomba arudishwe Hasamba. Siku moja kabla ya kuondoka duniani alimwuliza mkewe, "Wamekibadilisha?" Ruti angeweza kumdanganya ili afe na furaha. Alimjibu, "Bado, Baba Sadoki." Miaka arobaini na mitatu hakuwahi kumdanganya, na hakutaka kuanzia pale. Mzee aliitikia kwa kichwa, akamshika mkono. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Mei 2025.

Mwenye bustani ametuma salamu za rambirambi, na ameomba nafasi ya kuweka shada la maua. Ruti amemjibu hivi: "Mwambieni maua abaki nayo. Alete kile kibao." Hadi programu hii inachapwa, hajaleta. Kwa desturi yetu, kabla ya kufukia, msemaji wa ukoo atauliza kama kuna anayemdai marehemu chochote, ajitokeze. Atauliza. Kisha atasema pia kwamba marehemu anadai jina lake, na anayedaiwa anajulikana anakokaa.

Marehemu ameacha mjane, Ruti. Watoto wanne, Sadoki, Agnes, Rabson na Jenista. Dada yake Tabita. Na wajukuu tisa, akiwemo Angel.

Mchungaji alishauri msalaba uandikwe mstari wa Biblia, kama ilivyo misalaba mingine hapa. Ruti alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mchungaji, mstari unamfaa kila mtu. Hapa mniandikie neno linalomfaa Fanueli." Angel ndiye aliyeliandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe, herufi kubwa ili msomaji asihitaji kuinama. Chini ya jina na miaka yake pameandikwa: HAKUZEMBEA.

Mungu amlaze Fundi wetu pema, apumzike kwa amani.