Éliakim Kambere na Bata wa Bonde la Vuhovi

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mzee Éliakim Kambere anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya furaha kwa ajili ya programu hii. Nitajitahidi, ila sitaweza kuandika furaha peke yake.

Éliakim aliajiriwa na Ofisi yetu ya Ndege na Mabonde, hapa Butembo, akiwa kijana wa Vuhovi mwenye macho makali na viatu vibovu. Kazi yake ilikuwa kutambua bata wa porini katika mito na vinamasi, kuanzia Kasugho hadi upande wa Beni. Miaka ambayo barabara ya Beni ilikuwa ya hatari, alificha darubini ndani ya gunia la maharagwe, maana askari akiona darubini anaona mpelelezi.

Vicheko navyo havikukosa. Kwenye harusi moja ya Musienene alipakuliwa nyama ya bata, naye kabla ya kula akaomba aonyeshwe manyoya. Wakwe wakadhani anatafuta sumu, na nusura ndoa ivunjikie mezani. Alitaka tu kujua ni bata gani. Tangu siku hiyo, kila wakialikwa, mkewe Florentine humwambia aombe maharagwe.

Wageni wa kazi hii huchanganya bata wawili. Wote ni weusi-weusi na umbo lao ni karibu moja. Bata domo-njano ana mdomo wa manjano, na manyoya yake yana kingo nyeupe zinazoonekana kama magamba ya samaki. Bata mweusi ana mdomo wa kijivu, na mgongoni ana madoa makubwa meupe, kana kwamba amepita chini ya mtu anayepaka chokaa. Kitabuni ni rahisi. Lakini huku kwetu mabonde yamejaa mashimo ya matofali, na domo-njano akishachokora udongo ule, mdomo wake haujulikani tena. Ndiyo maana Éliakim alitufundisha wote, wakubwa kwa wadogo, kuanza na mgongo.

Uchungu wangu unaanzia hapo. Kuhusu bonde la Vuhovi, ofisi yetu na wakulima walikuwa na makubaliano: maadamu bata mweusi anataga pale, hakuna kulima wala kufyatua matofali. Miaka mitatu iliyopita wakulima walichoka. Mashamba ya juu yamechakaa, wakimbizi wameongezeka, na watoto hawali makubaliano. Wakamtuma Malachie, mdogo wake Éliakim, akazungumze naye.

"Yaya, sema tu ni domo-njano," alimwambia kaka yake. "Sema udongo ndio ilichafula mudomo. Nani atakuya kuangalia?"

Éliakim akashuka bondeni, akalala nyasini mpaka bata walipotoka. Madoa meupe yalikuwepo. Akapanda tena, akamjibu mbele ya watu wote:

"Ile yenye macho yangu hapana ona, mi hapana sema."

Bonde likabaki salama, na undugu ukaanza kufa. Malachie hakukanyaga tena kwa kaka yake, hata Krismasi.

Mwaka jana tajiri mmoja wa mjini alilitaka bonde hilohilo kwa tanuru zake za matofali. Ghafla ofisi yetu ikagundua kwamba wale bata ni domo-njano wenye midomo michafu. Hakuna aliyekosea kwa bahati mbaya. Sote tulifundishwa kuangalia mgongo, na wakubwa wetu waliuangalia, wakauona. Éliakim alipinga mpaka akazuiwa kuingia kikaoni. Mitambo ikashuka. Bata wamehama, na wakulima hawakupata hata tuta moja la viazi.

Sasa Vuhovi wanaamini kwamba Éliakim aliwanyima wao ili amuuzie tajiri. Ungekuwa wewe, ungeamini nini? Nyumba aliyoijenga kule kwa ajili ya uzee wake haina jirani atakayempa hata kaa la moto. Amepanga chumba Beni.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaja suti wala mbuzi. Aliomba mkubwa mmoja wa ofisi apande naye Vuhovi, aseme mbele ya watu kwamba yeye hakuuza kitu. Akajibiwa kwamba gari halina nafasi. Amenunuliwa saa ya ukutani, nzuri tu, na leo atapigiwa makofi.

Basi kama gari halina nafasi, karatasi hii inayo. Malachie, nanyi nyote wa Vuhovi: Éliakim Kambere hakuuza bonde. Lilitolewa na ofisi hii, tena ikijua. Atakayepata programu hii na aisome kanisani kwenu, kwa sauti, Jumapili watu wakiwa wengi.

Asante kwa kazi, Mzee Éliakim. Tunakutakia uzee mwema, nyumbani kwako, si katika chumba cha kupanga.

Nadège Kavuo, mwenzako wa ofisi