Papai la Tata

Renatha: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Skolastika: Ni mimi, mama yako. Hii simu ni ya jirani, Kokuhirwa, yangu imezima.

Renatha: Ooh, Mae! Wasibota.

Skolastika: Wasibota, mwanangu. Mmeshindaje huko Bukoba?

Renatha: Tupo wodini tu. Tata kasinzia kidogo. Haloo? Unakuja unapotea.

Skolastika: Ngoja nitoke kwenye migomba... [mkwaruzo] Sasa?

Renatha: Sasa nakupata.

Skolastika: Presha ya baba yako imeshuka?

Renatha: Haijashuka. Na tumbo ni lilelile, leo siku ya nne hajapata choo. Daktari mwenyewe anashangaa. Anasema—

Skolastika: Anasemaje?

Renatha: Anasema haelewi. Mtu anameza dawa, anakula matunda miezi minne, halafu moyo upige namna hii? Ataongeza dawa nyingine, kali kuliko hii. Anapita saa nane kuandika.

Skolastika: Saa nane hii ya leo?

Renatha: Hii hii. Imebaki kidogo tu. Mae? Upo?

Skolastika: Nipo. Kwani nani alimwambia daktari kwamba Tata anakula matunda?

Renatha: Mimi. Aliniuliza, nikamwambia mama anamkatia papai kila asubuhi, na jioni ndizi mbivu. Akaniuliza, una hakika? Nikamwambia, daktari, mama yangu hajui kudanganya.

Skolastika: Ulisema hivyo?

Renatha: Si ndivyo ulivyokuwa ukiniambia kila Jumapili?

Skolastika: Ndivyo. Huku upepo wa juzi umeangusha migomba. Ile ya karibu na choo yote iko chini.

Renatha: Mae, umeazima simu ya watu unieleze habari za migomba?

Skolastika: Hapana.

Renatha: Haya, sema.

Skolastika: Papai nilikata. Hilo si uongo. Kila asubuhi nilikata, nikatoa mbegu, nikaweka kwenye sahani ya bati, nikamtengea.

Renatha: Akala.

Skolastika: Sahani ilikuwa inarudi tupu.

Renatha: Mae...

Skolastika: Alikula nguruwe.

Renatha: Nani?

Skolastika: Nguruwe. Ungemwona sasa hivi. Ngozi inang'aa, na choo anapata bila—

Renatha: Mae, usinichekeshe, niko wodini!

Skolastika: Sikuchekeshi, mwanangu. Kama ni mambo ya kucheka nisingepiga.

[mkwaruzo]

Renatha: Na ndizi mbivu? Tata mwenyewe aliniambia kwenye simu, "Siku hizi ndizi zinaingia vizuri."

Skolastika: Zilikuwa zinaingia kweli. Alikuwa anazinywa.

Renatha: Anazi— Lubisi? Mae! Mtu wa presha unampa pombe?

Skolastika: Kibuyu kimoja tu cha jioni. Mwijage wa hapo jirani ndiye alikuwa anakanyaga na kukamua, mimi mwanamke siingii kwenye mtumbwi wa kukanyagia ndizi za pombe, ni mwiko, unajua. Lakini ndizi nilitoa mimi. Mtama wa kuchachushia nilikaanga mimi. Sitamsingizia Mwijage.

Renatha: Ulikuwa unawaza nini?

Skolastika: Nilijiambia ndizi ni ndizi. Ikishafika tumboni itajua yenyewe pa kwenda.

Renatha: Na makapi mlipeleka wapi?

Skolastika: Kwa ng'ombe.

Renatha: Basi ng'ombe ndiye alikula dawa! Daktari si alieleza? Yale makapi, zile nyuzi, ndizo zinazosukuma tumbo. Ndiyo maana alisema mzee atafune, msimkamulie. Na pombe akaikataza kabisa, kwa ajili ya moyo—

Skolastika: Nilisikia.

Renatha: Ulisikia?

Skolastika: Nilikuwa nimekaa hapo hospitalini kwenye benchi. Nilisikia neno kwa neno, Renatha. Akasema pia matunda hayachukui nafasi ya vidonge, ila yanavisaidia. Nilisikia, nikaenda nikafanya ya kwangu. Jumapili nikirudi kanisani wewe unapiga, "Mae, anakula?" Nami nasema anakula. Nimetoka kupokea Mwili wa Bwana kwa ulimi uleule.

Renatha: Sasa si ungeniambia tu kwamba hataki?

Skolastika: Alikuwa anataka. Mwanzoni alikula. Akafika mahali akawa anaulizia mwenyewe, papai la leo liko wapi? Tumbo likalainika. Akawa anakwenda kupogoa migomba huku anapiga mluzi.

Renatha: Halafu?

Skolastika: Halafu akaacha.

Renatha: Lini?

Skolastika: Aa... ilikuwa kama Pasaka.

Renatha: Pasaka tulikuja sisi.

Skolastika: Ndiyo, mlikuja.

Renatha: Mimi na Gozbert.

Skolastika: Karibuni tena, mwanangu.

Renatha: Mae, usinikaribishe. Nilifanya nini?

Skolastika: Hukufanya kitu. Ulicheka. Watu hucheka.

Renatha: Nilisema, "Tata amekuwa mtoto, mfungeni kitambaa shingoni."

Skolastika: Ulikuwa unatania.

Renatha: Na Gozbert alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Skolastika: Naye kijana wa watu hakujua. Lakini unajua kwetu, tunda ni la watoto. Mzee mwenye mvi, maji ya papai kidevuni, na mkwe anamcheka... Jioni ile akaniambia, "Skolastika, usiniaibishe tena." Nami nikaona nisimwaibishe. Nikaona lubisi ni kinywaji cha wanaume, atakubali.

Renatha: Kwa nini hukuniambia, Mae?

Skolastika: Ungelia.

Renatha: Bora ningelia Pasaka kuliko— Mae, daktari kaingia. Kaanzia kitanda cha kwanza. Sisi ni cha tano.

Skolastika: Basi mwambie kabla hajashika kalamu. Pombe, nguruwe, yote. Sema ni mimi niliyekudanganya. Tata usimtaje.

Renatha: Na ile ya Pasaka?

Skolastika: Ile si ya daktari. Matunda mnayo hapo?

Renatha: Gozbert alileta papai jana, alilipata Kemondo. Liko kwenye mfuko. Tata anageukia ukutani kila tukilitoa. Gozbert mwenyewe yuko hapo nje kwenye ukumbi.

Skolastika: Mwite. Kisu ashike yeye, akate yeye, na ale yeye kwanza, mbele ya mkwe wake. Wewe usiseme neno. Wala usicheke, hata kwa wema.

Renatha: Sitacheka, Mae.

Skolastika: Hii simu inalia, dakika za watu zinakwisha. Nenda.

Renatha: Usikate. Gozbert! Njoo na mfuko. Ndiyo, huo... Kata hapo. Kula. Kula tu, nitakueleza. [mkwaruzo] Mae, anakula. Maji yamemchirizika mpaka kwenye shati.

Skolastika: Na Tata?

Renatha: Ameamka. Anamtazama.

Skolastika: Anamtazama vipi?

Renatha: Anamtazama tu. Gozbert amemnyooshea kipande. Daktari yuko cha tatu, ngoja niwahi kumwambia, nakuacha—

Skolastika: Renatha, subiri. Amekipokea? Haloo? Amekipokea?

[simu imekatika]