Bibi Zunguka na Baiskeli za Lango la Nyuma

Ndugu, jamaa na majirani, familia inawasomea safari ya mama yetu, mliyezoea kumwita Bibi Zunguka, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1960, kifungua mimba wa fundi cherehani, akakulia katika chumba kimoja chenye vitambaa hadi darini, ambako cherehani ya baba yake ndiyo iliyombembeleza kila usiku. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1967 hadi 1973, kisha akajifunza kazi za hoteli, na tarehe 2 Februari 1979 aliajiriwa kuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli ya kando ya ziwa, akapanda hadi kuwa msimamizi.

Tarehe 20 Oktoba 1984 alifunga ndoa na dobi wa hoteli hiyohiyo, ambaye alikiri mbele ya wakwe kwamba alianza kuzipenda shuka alizokunja, ndipo akampenda mkunjaji, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1987, na kitinda mimba wetu, mwoka mikate, mwaka 1993.

Mwaka 2012 jiji lilipoweka baiskeli za kuazima, kituo kimoja kikawa kwenye lango la nyuma la hoteli, wakati ambao wafanyakazi walikuwa wanaajiriwa na kuacha kazi upesi kuliko hata wageni walivyoingia na kutoka, basi kila aliyemjia amefura, anataka kuacha kazi, mama alimwambia azunguke ziwa kwanza, na baiskeli airudishe palepale alipoichukua, maana jiji halina mchezo. Jamani, haikuwa kweli, baiskeli ile unaiacha kituo chochote, ila mama alilisikia vibaya tangazo siku ya kwanza, na nani angethubutu kumsahihisha mbishi yule? Watu wakazunguka katika ukungu wa asubuhi, hasira zikatoka na jasho, wakarudi langoni, naye akaenda kwa meneja kupigania zamu zao, kwa kuwa alijua mtu habaki kazini kwa baiskeli peke yake.

Mwaka 2019 kitinda mimba aligombana naye kwa sababu ya ruhusa ya kwenda kuishi mbali, ambayo mama alimnyima, akapanda baiskeli, akaiacha kituo cha treni, akaenda zake asirudi, na tangu hapo mama, hata baada ya kustaafu, alikwenda langoni asubuhi kuzitazama baiskeli zilivyolowa umande, na alipoulizwa alijibu kwamba mtoto atarudi tu, baiskeli ya watu iko kwake. Moyo ulimuuma, ndugu zangu, tusifiche.

Moyo huohuo ulianza kuugua kweli Novemba 2023, akalazwa mwezi Juni, na kitinda mimba alipopata habari alirudi kwa treni, akachukua baiskeli kituoni, akazunguka ziwa huku analia, akaiweka lango la nyuma, kisha akaingia wodini, ambako mama aliuliza neno moja tu, kama ameirudisha palepale, akaambiwa ndiyo. Haikuwa baiskeli ileile, lakini hata daktari aliitikia kwa kichwa, na mama akamshika mkono, akatabasamu, akalala, akatutoka alfajiri ya tarehe 14 Juni 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wa hoteli, ambao leo wamekuja kwa baiskeli na kupitia ziwani bila kuambiwa na mtu.

Mama, mtoto amerudi, nasi tunakuruhusu uende, pumzika kwa amani.