Neno Lililomezwa na Filimbi

Marehemu Euphemia Rattray Geddes, ambaye hapa Balnarroch hakuna aliyemwita Euphemia isipokuwa daktari na mchungaji, wengine wote tukimwita Effie, alizaliwa tarehe 11 Machi 1934. Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mzee Alasdair Rattray, fundi viatu, na mkewe Bi. Jean. Nyumba yao ilikuwa ya pili kutoka daraja la reli, na humo ndimo Effie alimojifunza desturi ambayo wazee mliomo humu kanisani mnaikumbuka: treni ikipita, anayesema hunyamaza, ikishapita, aliyekatizwa hurudia neno lake, na wenzake humngojea. Mgeni aliyeendelea kusema wakati wa treni alihesabiwa hana adabu. Asiyerudia alihesabiwa ana jambo anaficha.

Alisoma katika Shule ya Balnarroch kuanzia mwaka 1939 hadi 1949. Hesabu aliziweza, kushona kulimshinda, na mwalimu wake, Bi. Abercrombie, alimhamishia dawati la mbele kabisa kwa sababu ya kunong'ona. Haikusaidia kitu. Siku moja mwalimu alimshika masikio na kumwambia, "Effie Rattray, mnong'ono wako unasikika hadi Perth!" Effie akamgeukia jirani yake na kumnong'oneza kwamba basi Perth wana bahati. Alipotimiza miaka kumi na mitano aliacha shule, akaajiriwa na shangazi yake, Bi. Jessie Rattray, katika duka la mikate lililo mkabala na stesheni. Kazi hiyo aliifanya miaka hamsini, na duka likawa lake shangazi alipofariki mwaka 1970.

Mnajua hadithi inaelekea wapi. Hakuna wasifu wa Effie Geddes unaoweza kuruka Oktoba ya mwaka 1953.

Mwezi huo watu wa filamu walikuja kutoka London kwa sababu ya ukungu wetu, ambao sisi tulikuwa tukiulalamikia bure miaka yote. Asubuhi ya Jumatano Effie alipeleka sinia la mikate ya siagi stesheni. Injini ilikuwa ikifoka mvuke kando ya jukwaa. Alipokaribia ilinyamaza, naye akapita, ikaanza tena. Kwenye jukwaa alikuta zogo. Mwigizaji wa kike aliyetakiwa siku hiyo alikuwa amekwama njiani kwa ukungu uleule uliowaleta. Mwongozaji wa filamu alimtazama Effie, akatazama mikate, akatazama saa yake.

"We binti, unaweza kunong'ona?"

"Kamuulize mwalimu wangu," Effie akajibu.

Akavikwa koti la watu, akaambiwa asimame kwa ncha za vidole na kumnong'oneza mwigizaji mkuu, Bwana Verney, sikioni: "Usipande treni hii." Maneno matatu tu. Msichana aliyekuwa akighani mashairi ya ukurasa mzima mbele ya mkaguzi wa shule alipewa maneno matatu, na kamera ilipoanza kuzunguka yakamtoka yote. Alibaki na sikio la Bwana Verney peke yake. Ilimbidi aseme kitu, akasema. Na palepale, kabla msaidizi wa mwongozaji hajapunga kitambaa cheupe, ishara ya kupiga filimbi kama walivyopatana, filimbi ya injini ikalia na kumeza kila kitu.

Aliyeipiga alikuwa kijana wa Pitlochry mwenye miaka ishirini na mitatu, mtia makaa, mgeni kwenye njia hii, jina lake Murdo Geddes. Dereva wake alikuwa ameshuka kunywa chai. Murdo anasema hadi leo kwamba mkono uliteleza. Wanaomfahamu wanajua kwamba mkono wa Murdo hauna tabia ya kuteleza, na kwamba kutoka pale juu alimwona msichana mzuri amesimama kwa ncha za vidole, mdomo wake sikioni mwa mwanamume anayependwa na wanawake wa nchi nzima.

Mwongozaji alitukana kwa lugha ambayo Bi. Jessie, aliyeisikia kutoka dukani, aliitaka irudiwe ili ahakikishe. Lakini ukungu ulishuka zaidi, injini ikahitajika kwingine, na picha ikabaki ilivyo. Murdo akashuka, masizi usoni, kofia mkononi.

"Samahani, dada. Nimekufunikia maneno."

"Umeyafunika kweli."

"Nimeambiwa hapa kwenu aliyekatizwa hurudia. Ulisema nini?"

Effie alijitwika sinia lake tupu. "Si umepiga filimbi?" akasema. "Basi."

Kwa vijana ambao hawajaitazama (na kama wapo, wamehamia huku juzi) Filamu, kama tunavyoiita hapa, maana nyingine hatuzihesabu, inamhusu mtu anayekimbia kutoka London hadi milimani kwetu akiwa na siri ya serikali kichwani. Kati ya abiria wenzake wa treni mmoja ni jasusi wa adui, na yeye hajui ni yupi. Ni mama anayefuma soksi? Ni mchungaji anayekula tufaha? Kikulacho ki nguoni mwako. Halafu kwenye stesheni ndogo yenye ukungu msichana wa mikate anamnong'oneza neno, filimbi inalia, mtu yule anageuza macho kidogo upande wa injini, anatabasamu kwa mbali, na harudi tena ndani ya treni. Mwisho wa filamu jasusi anajulikana. Alichosema msichana hakijulikani, wala nani aliyemtuma. Wenye filamu walipoitazama London waliona imependeza hivyohivyo, wakaiacha.

Hapo ndipo penye uhondo wote. Watu walitoka Glasgow, wakatoka Cardiff, mmoja alitoka Osaka na mkewe, wakanunua mikate wasiyokuwa na njaa nayo ili wamuulize mwenye duka. Midomo haisomeki, kwa sababu kofia ya Bwana Verney imeificha. Kwa hiyo walibaki na yale macho. Wengine walisema amemwona adui dirishani. Wengine walisema lile ni tabasamu la mtu aliyekubali kufa, na juu yake wakaandika vitabu. Bwana Verney mwenyewe alipoulizwa na magazeti alijibu kwamba mnong'ono hautangazwi, na mwaka 1968 akafa na siri yake. Walipochoka na neno, waligeukia koti.

"Mama, lile koti lilikuwa jeusi kweli?"

"Ulilionaje wewe?"

"Jeusi."

"Basi tazama tena," Effie aliwaambia, na kuwafungia mkate mwingine.

Aliulizwa na binti yake, Catriona, anayeusoma wasifu huu, kwa nini filamu ya zamani isiyo hata na rangi iwaweke watu roho juu namna ile. Effie alikuwa akikanda unga, hakuinua kichwa. "Filamu ya rangi inakutandazia kila kitu mezani kama muuza vitambaa. Hii yetu inakuonyesha kivuli ukutani na kukuachia kazi ya kujiuliza ni cha nani. Mtu anapenda kilichomfanyisha kazi."

Tarehe 4 Juni 1955, Jumamosi, alifunga ndoa na Murdo Geddes katika kanisa hilihili. Murdo alikuwa amenunua mikate kila treni yake iliposimama, yeye mtu wa uji asubuhi na uji jioni, hadi dereva wake akamtishia kumhesabu kama mzigo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Catriona mwaka 1957 na Ranald mwaka 1960. Reli ilipofungwa mwaka 1966, Murdo alilia hadharani bila aibu, kisha akajifunza kuendesha basi la shule. Nyumba ikawa kimya, kwa kuwa hapakuwa na treni tena ya kuwakatiza, na kwa miezi kadhaa watu wa Balnarroch waliendelea kunyamaza katikati ya sentensi saa za treni zilipofika.

Kila Oktoba Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa kijiji, na kila Oktoba Murdo aliketi kushoto kwa mkewe. Picha ilipofika stesheni hakutazama ukutani, alimtazama yeye. Waliporudi nyumbani aliuliza, naye alijibiwa jibu lilelile.

"Effie, mke wangu. Ulimwambia nini?"

"Si ulipiga filimbi?"

Sisi watoto, na kijiji kizima, tulicheka. Lakini haukuwa utani mtupu, na haingekuwa haki kuusoma wasifu huu kana kwamba ulikuwa. Mwaka 1972, mezani, Murdo aliweka kijiko chini akasema, "Kama ulimwambia yule bwana kwamba umempenda, niambie tu. Mimi ni mtu mzima sasa." Effie alicheka hadi akajifuta machozi kwa aproni. Murdo alisimama akaenda kuwalisha kuku, ambao walikuwa wameshalishwa. Catriona, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alimwona baba yake kupitia dirishani amesimama katikati ya kuku na bakuli tupu, na kwa mara ya kwanza akamkasirikia mama yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini si lazima kata imwache mwenye mtungi na kiu.

Mwezi Februari mwaka huu Effie alianza kupoteza sauti. Madaktari wa Perth waligundua uvimbe kooni, wakasema walichoweza kusema. Hakupenda kuhurumiwa. Alisema Bi. Abercrombie hatimaye ameshinda, maana sasa hata akitaka kupiga kelele amebaki na mnong'ono tu. Mwezi Juni, akiwa amelazwa hospitalini, alimwashiria Catriona ainame.

"Nitakuambia nilichosema," alinong'ona. "Usimwambie baba yako hadi siku ya kunizika. Usome kanisani, mbele za watu, mahali asipoweza kubisha."

"Mama, kwa nini hukumwambia miaka yote hii? Ulimwona siku ile ya kuku."

"Nilimwona. Nilitoka nimwambie, nikafika mlangoni, nikarudi. Mtu akishajua mwisho wa filamu huitazama kwa jicho moja. Nilitaka anitazame kwa yote mawili. Labda nilikosea. Lakini alinitazama, Catriona. Miaka yote hiyo alinitazama."

Kisha akasema neno lenyewe, na wakati huohuo toroli la chai likapita mlangoni, vikombe vikigongana kama mabehewa. Catriona hakusikia kitu.

"Mama, rudia."

Na Effie Rattray, aliyekataa kurudia tangu mwaka 1953, akarudia. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 3 Septemba 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Ameacha binti, Catriona, na mkwe wake Hamish. Mwana, Ranald, na mkewe Sheena. Wajukuu wanne, Iona, Struan, Kirsty na Fergus. Kitukuu mmoja, Ailsa. Na duka la mikate ambalo Kirsty analiendesha kwa kelele zaidi kuliko bibi yake. Koti lilikuwa jekundu. Limo kabatini, na Ailsa ameahidiwa.

Na ameacha mume, Murdo Geddes, mwenye miaka themanini na tisa, aliyeketi hapa mbele upande wa kushoto, mahali pake. Mzee Murdo, asubuhi ile ya Jumatano injini yako ilikuwa ikitoa mvuke, na ulipomwona msichana anakuja na sinia uliufunga mvuke hadi apite, mikate isilowe. Ulidhani hakuna aliyeona. Baadaye kidogo msichana huyohuyo alisahau maneno matatu aliyopewa, na sikio lilikuwa linangoja, akasema kitu pekee kilichokuwa kichwani mwake. Alimwambia Bwana Verney: "Yule pale kwenye injini, mwenye masizi usoni, ndiye atakayenioa. Jina lake silijui bado."

Bwana Verney akageuza macho kukutazama. Hakuwa anamtazama adui, baba, wala hakuwa anajiandaa kufa. Alikuwa anajizuia kucheka. Macho yale yaliyoandikiwa vitabu, yaliyomtoa mtu Osaka, yalikuwa yanakutazama wewe, na wewe unapiga filimbi.

Treni imepita, na aliyekatizwa amerudia. Apumzike kwa amani.